Uvimbe kwenye Mulango wa Moyo wa Shabani

Nairobi

Baba yangu mupenzi,

Asalaam aleikum. Magoti bado yanakusumbua? Mvua imeacha muhogo wa nyuma ya nyumba? Mimi niko muzima wa mwili tu. Simu ilikatika, ukasikia kwamba Shabani wetu ametutoka, mengine hukuyasikia. Nimeyaandika. Kaka mukubwa asome kwa sauti mbele ya jamaa wote.

Mudogo wangu alifika hapa akihema kama muntu aliyekimbia, kumbe amekaa tu. Munganga wa moyo wa hospitali akamupima na mashine, akaniita nitazame. Baba, moyo una milango midogo, inafunguka na kufunga ili damu isirudi nyuma. Kwenye mulango mumoja kulikuwa na kinundu, kinatikisika kila moyo ukipiga. Munganga mwenyewe alikuwa hajakiona isipokuwa kwenye vitabu.

Nikamuuliza wazi: "Kwetu wanasema shangazi yetu alimuloga. Iko muntu anaweza kutuma kitu hiki?"

Hakunicheka. "Hapana, mama. Ni mishipa midogo ya damu imeota vibaya, ikajisokota. Si kansa hata."

"Basi atapona?"

"Tukiutoa uvimbe huu kabla haujaziba njia ya damu."

Asubuhi ya kupasuliwa, Shabani alinishika mukono. "Dada, nisipotoka, waambie wamurudishe shangazi. Wakati wa vita alinibeba porini, akala majani ili mimi nile muhogo. Muntu kama huyo aniue kwa nini?"

Uvimbe waliutoa. Niliuona kwenye chupa, mwekundu wa kuiva, mudogo kama tunda moja la ngazi, lile la kukamua mawese. Kinundu hicho njo kilimuua mutoto wetu, Baba, hicho tu. Moyo wake ulikuwa umechoka mno, haukupiga tena. Nililia mupaka sauti ikaisha.

Sasa ninaogopa kifo cha pili. Mulimufukuza shangazi, akakimbilia kule machimboni Kama, anachotea wachimbaji maji. Habari ya kifo hiki ikifika huko, vijana watamupiga mupaka afe. Baba, nakupigia magoti. Usingoje arobaini, usitume muntu. Panda piki leo, umuchukue wewe mwenyewe. Ni dada yako, mulinyonya ziwa moja.

Shabani tumemuzika huku, njia ya kumuleta nimeikosa. Matanga muyafanye nyumbani. Mama yetu vita ilimuchukua. Basi kwenye mukeka, pahali pa mama, akae shangazi. Wote waliomusema vibaya wapite mbele yake, mumoja mumoja, wamupe pole ya mutoto wake.

Nawasalimia kaka mukubwa na muke wake, bibi muzaa mama, na jirani wetu mushona nguo aliyemupenda sana Shabani. Salamu za shangazi siziandiki hapa. Umupe wewe, kwa mudomo wako, mukiwa njiani kurudi.

Mimi binti yako, niliyebaki peke yangu huku,
Zaina