Ng'ombe Aliyegeuka Treni

Jumamosi, 1 Machi 1986

Nimetia mafuta ya cherehani kwenye injini tena. Inaondoka Mwanza vizuri, ikifika kona ya Bunda inakwama. Kila Jumamosi hivyo hivyo. Naisukuma kwa kidole, inaamka, inafika Musoma inachechemea.

Musoma hakuna reli. Tangu niko darasa la nne nasikiaga inakuja. Kwangu, hapa stoo mtaani Kamunyonge, imeshafika. Ubao wa futi nane, stesheni za maboksi ya dawa ya meno, reli na injini nilivyobeba kwenye begi kutoka Ujerumani walikonipeleka kusomea pampu za maji. Mzee niliyepanga kwake kule alikuwa na treni chumba kizima. Ndiye aliyeniambukiza.

Mke wangu Perusi kaniuliza zile brashi za mota ya treni nimepata wapi. Nikasema kanipa rafiki. Uongo. Nimemtuma mtu Mwanza kwa fundi redio, na hela niliyompa ingenunua sabuni ya mwezi, kama sabuni ingekuwepo. Perusi anashonea watu nguo mpaka mgongo unamuuma, na mimi namwibia mpaka mafuta ya cherehani yake.

Jumanne, 4 Machi

Mzungu wa mradi wa barabara anarudi kwao. Anauza vitu. Wenzangu wa ofisi ya maji walikimbilia friji. Mimi nikaona boksi limefunguliwa kwenye kona.

Injini nyeusi ya mvuke. Mabehewa sita. Transfoma yake. Swichi nne za kuhamisha njia. Magurudumu yote yanang'aa.

Anataka elfu nane. Mshahara wangu wa miezi minne, na nisile. Bei ya ng'ombe.

Nimeliandika neno hilo halafu nikalitazama. Afadhali ningeandika kitu kingine.

Alhamisi, 6 Machi

Sijalala vizuri siku mbili. Ni Nyota.

Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Dada yetu Nyangeta alipoolewa zilikuja ng'ombe nane za mahari. Ng'ombe za dada ndizo za kumwolea kaka, ndivyo tulivyo. Mimi nilishaoa, kwa ng'ombe za mahari ya shangazi. Hizi nane ni za mdogo wangu Magesa. Saba ziko nyumbani Butiama kwa Mama. Ya nane, Nyota, mwekundu mwenye tumbo jeupe na alama nyeupe usoni, marehemu Baba alimwekesha kwa rafiki yake Mzee Makuru, Nyamuswa, ili ugonjwa ukiingia zizi moja zisiishe zote.

Magesa ameshaposa. Ukweni wanataka nane. Atazipeleka Julai, watu wakishauza pamba.

Machi hadi Julai ni miezi minne. Nina safari za kukagua visima, kila safari na posho. Nitanunua ng'ombe mwingine kabla hajauliza mtu. Ni kuazima tu. Ng'ombe haendi kokote, anabadilika rangi basi.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nilikwenda Nyamuswa.

Mzee Makuru alinipa maziwa. Akauliza, "Mama yako anajua?" Nikasema anajua. Nilikuwa na kibuyu chake mkononi na ninasema hivyo.

Alinifuata mpaka nje. Kasema Nyota ana mimba ya miezi mitano, si wakati wa kumuuza. Nikasema shida ni shida. Mchuuzi niliyekwenda naye alimshika kamba, akaenda naye. Hakugeuka. Ng'ombe wengine wanageukaga.

Elfu nane na mia mbili.

Jumanne, 11 Machi

Ninayo! Inapita kona ya Bunda bila kusita. Inavuta mabehewa sita. Inapiga mluzi!

Mzungu alipokuwa anafunga boksi alitazama kama mke wake yuko karibu, akaninong'oneza: nisije nikataja mbele ya mkewe ile bei aliyonunulia yeye. Kumbe mkewe anajua robo tu. Tulicheka kama wezi wawili waliokutana zizini.

Nami nimefika nyumbani nikamwambia Perusi mia tatu. Akasema kwa mia tatu tungepata mafuta ya kupikia. Akarudi kwenye cherehani.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nina aibu na nimefurahi.

Jumatano, 14 Mei

Ofisi haina dizeli. Safari zote zimesimama. Hakuna safari, hakuna posho.

Nimeuliza Bunda bei ya mtamba, jike ambaye hajazaa. Elfu tisa na mia tano. Wanasema itapanda. Kila kitu kinapanda sasa. Madukani vitu vimeanza kurudi, mitumba, sabuni, hata soda, ila hela ndiyo imekimbia.

Sijaiwasha treni wiki mbili. Nikiiwasha naona mimba ya miezi mitano. Sasa angekuwa na saba.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimeharibu.

Magesa kaja, amebeba viazi vitamu kutoka kwa Mama. Ana furaha mpaka haketi. Anataka kwenda Nyamuswa Jumatatu kumchukua Nyota mapema, anenepe nyumbani kabla ya kupelekwa ukweni.

Mdomo wangu ukasema: Nyota amekufa. Ugonjwa wa ndigana. Mwezi wa nne. Nilishindwa kukwambia.

Akakaa chini pale pale mlangoni. Nilidhani analia. Alikuwa anafikiri. Akainua kichwa. "Na ngozi iko wapi, kaka?"

Mungu wangu. Nilisahau ngozi! Mtoto wa Butiama nisahau ngozi! Ng'ombe wa kuwekesha akifa, anayemtunza anamletea mwenyewe ngozi, hata kama ni siku mbili kwa miguu. Asipoleta, basi hakufa. Ameuzwa, au ameliwa. Kila mtoto anayechunga anajua hilo. Nimekaa na pampu na transfoma mpaka nimesahau ya kwetu.

Nikasema ngozi iko kwa Mzee Makuru, nilichelewa kuifuata, nitaileta mwenyewe. Magesa akanishukuru. Alinishukuru!

Jumatatu, 9 Juni

Bunda. Banda la mnunuzi wa ngozi. Nimefunua ngozi moja moja kuanzia asubuhi mpaka saa saba. Nyeusi, kijivu, madoa. Mwisho nikapata nyekundu yenye tumbo jeupe, alama ndogo usoni. Jamaa kaniuliza unataka ya kufanyia nini unachagua kama kitenge.

Mia sita. Ndani ya basi watu wamelalamika harufu. Mama mmoja kaniambia nishuke nitembee na maiti yangu.

Hivi sasa nanunua ng'ombe yule yule mara ya pili, kipande kipande, amekufa.

Jumanne, 10 Juni

Butiama. Mama aliitandaza ngozi uani. Akapiga magoti. Akapitisha kiganja taratibu, mgongoni, begani, shingoni. Shingoni akarudia. Akarudia tena.

Nyota alikatwa na kamba shingoni akiwa ndama. Kovu la urefu wa kidole. Mama ndiye aliyemtia dawa kila siku, mimi nikiwa Ujerumani. Nilikuwa sijui mpaka leo.

Alisimama akajipangusa mikono. Akasema kwa Kizanaki, kwa upole kabisa, "Huyu si wangu. Makuru ametuibia, na amekupa ngozi ya mtu mwingine, mwanangu, kwa sababu alijua wewe hujui ng'ombe."

Nilikuwa na nafasi. Magesa yuko pale, Mama yuko pale. Kusema ni sentensi moja. Nilikunywa uji nikapanda gari la kurudi Musoma. Mzee wa watu, rafiki wa Baba, nimemwacha ameitwa mwizi wa ng'ombe, na huku kwetu mwizi wa ng'ombe hapelekwi mahakamani.

Shenzi mimi.

Jumatano, 11 Juni

Kazini sikufanya kitu. Saa nane kaja jirani wa Mama, ameleta habari. Magesa ameamkia Nyamuswa na vijana wawili. Sungusungu wa kule, walinzi wa kijiji, wamemshika Mzee Makuru. Kesho asubuhi anahojiwa mbele ya wananchi.

Jumla ya maneno yangu kwa Perusi jioni hii: nakwenda Nyamuswa alfajiri. Aliniangalia. Amenichemshia mayai mawili ya njiani.

Alhamisi, 12 Juni

Basi mpaka Bunda, kisha lori la pamba, kisha mguu. Nilikimbia kipande cha mwisho na viatu vya ofisi.

Walikuwa wengi. Vijana wana pinde na mishale. Mzee Makuru amekalishwa chini, hana kofia, hana fimbo. Jicho moja limevimba. Alikuwa ameshawaambia mimi ndiye niliyemuuza Nyota, na Magesa amemjibu mbele za watu kwamba kaka yake msomi hawezi kufanya hivyo, na kaka yake ndiye aliyeleta ngozi.

Mzee aliponiona alitema mate pembeni. "Haya. Sema mwenyewe."

Nikasema. Nilimuuza mimi. Mzee hana kosa. Ngozi nilinunua Bunda.

Njia ya mwongo fupi, nilifundishwa shuleni. Siku za mwizi arobaini, zangu zimefika tisini na tano.

Nilidhani hilo ndilo gumu. Halikuwa. Mwenyekiti wao aliuliza, "Hela umefanyia nini?" Watu walikuwa wananisaidia, najua. Walikuwa wanangoja niseme ugonjwa, au mwanamke, au hata pombe. Pombe wangeielewa.

"Nimenunua treni."

"Treni gani?"

"Ya mezani. Ndogo." Nikaonyesha kwa mikono.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Wakacheka wote, mpaka wenye mishale, mpaka kuna mzee alishikwa kikohozi. Ng'ombe mzima! Treni ya mkono! Hata mtu haingii ndani! Afadhali wangenichapa.

Magesa hakucheka. Alikwenda kumwinua Mzee Makuru, akamfuta vumbi mgongoni, akampa kofia yake. Akampigia magoti. Kisha akapita mbele yangu kama anavyompita mtu barabarani asiyemjua.

Wamenitoza mbuzi wa kusafisha jina la Mzee, na ng'ombe kwa ng'ombe. Nimeomba mpaka Septemba. Ukweni wakikubali kungoja.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada Mama kafika Kamunyonge. Hajawahi kupanda gari peke yake. Hakusalimia. Alivuta kigoda mpaka stoo, akaketi.

"Niletee ng'ombe wangu nimwone."

Nikawasha. Umeme ulikuwepo, kwa bahati mbaya. Ikaondoka Mwanza, ikapita Bunda, ikaingia Musoma, ikapiga mluzi. Mama aliangalia mizunguko mitatu, mikono mapajani. Perusi amesimama mlangoni na futi ya kupimia nguo shingoni.

Kisha Mama akauliza, "Na ndama?"

Mzee Makuru atakuwa alimwambia. Nilizima treni. Mama akainuka, akamwomba Perusi maji, akanywa, akaondoka.

Perusi akauliza ilikuwa shilingi ngapi hasa. Nikamwambia. Mara ya kwanza kutamka bei ya kweli ndani ya nyumba hii. Nikamtajia na ya brashi, na ya mwaka jana, na ya mwaka juzi, yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe sisi si maskini."

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuna anayenunua treni Musoma. Nimezunguka na boksi kama muuza karanga. Mwisho mwenye duka la vitambaa mjini kachukua zote, za zamani na mpya, elfu mbili na mia tatu. Za wajukuu wake, kasema. Alipotoka mteja, akafunga mlango, akapiga magoti chini akazipanga reli mwenyewe. Niliyaona macho yake. Nikataka kumwonya. Sikumwonya.

Unanunua kwa ng'ombe, unauza kwa mbuzi.

Baiskeli imekwenda. Redio imekwenda. Mtamba sasa ni elfu kumi na moja. Bado napungukiwa elfu tatu.

Jumanne, 26 Agosti

Nimerudi kutoka kazini, nyumba kimya. Hakuna mlio wa cherehani. Pale ilipokuwa pana vumbi la mraba.

Perusi kaweka elfu tatu na mia nne mezani. Sikumwomba. Sikuthubutu kumwomba. Kasema, "Si kwa ajili yako. Magesa shemeji yangu hana kosa."

Chupa ya mafuta ya cherehani bado iko dirishani. Haina tena cha kulainisha nyumba hii. Nimelia mbele yake, na hakuninyamazisha.

Jumapili, 21 Septemba

Butiama. Ng'ombe nane zimeondoka asubuhi kwenda ukweni. Magesa amevaa shati jeupe. Perusi ndiye aliyelishona, mwezi wa sita. Amenisalimia kwa mkono, akasema "shikamoo kaka" kama zamani, ila macho kaangalia pembeni. Sawa. Nitangoja.

Mzee Makuru alikuja pia. Amekula mbuzi wangu na kaacha mfupa mmoja mbele yangu, akasema nikautengenezee behewa. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo.

Kitu kimoja. Nilibakiza behewa moja, halikuingia kwenye boksi la mwenye duka. Lilikuwa ndani ya kiatu cha zamani. Jana nimempa Perusi. Kaligeuza geuza, akaliweka kwenye kabati la vyombo. Sasa anawekea vifungo.

Yule mtamba niliyenunua, mwekundu pia, Mama hakumtoa. Alitoa mwingine wa kwake badala yake, kamwacha huyu zizini. Sikujua kwa nini. Jioni nilikuwa nafungasha, nikamsikia Mama anamwita kwenye maji.

"Treni! Treni!"

Mtamba akaja mbio. Ameshazoea jina. Nikaenda kumsaidia Mama kufunga kamba.