Minye Simujue

Ilunga rafiki yangu,

Filamu yetu bado haijaisha. Imebaki ile picha ya mwisho, ambapo mimi, rafiki msaliti, narudi mpakani kukuangukia miguuni. Kundi letu la waigizaji limeshatafuta mtu wa kushika nafasi yako, nami kila wakiniita nasema nina mafua. Sina mafua.

Nafasi ulizigawa wewe mwenyewe. Wewe ukawa mwaminifu, mimi nikawa msaliti, ukanicheka: "Weye Kabeya, uko na sura ya kukimbia!"

Na kweli nilikimbia. Siku ile mpakani Kasumbalesa askari walikukamata na kamera mkononi, kwa kuwa kupiga picha pale ni marufuku. Mmoja akanigeukia: "Huyu muntu, unamujua?" Nilikuwa natafuna muhindi wa kuchoma. Nikajibu, "Minye? Simujue." Nikapanda basi nikarudi Likasi, wewe ukalala kashoni, mahabusu ya askari.

Uliporudi, uso umevimba kwa mbu, hukumwambia mtu, hata mkeo Mama Odette. Ulinigonga bega tu: "Pale ulicheza muzuri kupita mu filamu." Tukacheka wote. Afadhali ungenizaba kofi.

Nikajidanganya kwamba nitakuomba msamaha siku ya kupiga ile picha ya mwisho, maneno ya filamu yanisaidie. Kumbe presha ilikuwa inakuvizia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na aliyengoja ni mimi.

Kwenye kilio chako wajukuu walifanya mchezo wao wa desturi: kumwigiza marehemu na kuwazuia watu mlangoni, ili wafiwa wacheke kidogo. Mjukuu wako Béa alivaa kofia yako na lile koti la kijivu, akachechemea kama wewe. Akanikingia njia, mkono kiunoni: "Ee mwenzangu! Unanijua?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikaanguka pale pale, nikasema nakujua, nikasema nilikukana mpakani, nikalia kamasi zikanitoka. Unajua walifanya nini? Walipiga makofi! "Papa Kabeya, muigizaji wa kweli!" Hata Mama Odette alinishika mkono akanishukuru kwa mchezo mzuri. Niliona aibu kuliko siku ile ya mpakani, na bado sikufungua mdomo kumwambia haukuwa mchezo.

Kwa hiyo kesho naenda kwake. Mchana, bila kundi, bila Béa na kofia yako. Nitamkuta uani anatwanga majani ya muhogo ya sombe, nitaketi chini, nitamweleza polepole mpaka asadiki kwamba siigizi. Akinifukuza, nitatoka. Akiniruhusu, ndipo nitaipiga ile picha.

Pumzika, ndugu yangu. Na yeyote atakayeniuliza tena, hata awe askari, hata awe na bunduki, nitamjibu nakujua.

Kabeya wako