Tunatafuta Muntu Asiyekula Dende

Siku ya kwanza, 7/7

Nimefagia tena mavi ya dende chini ya kitanda. Vinyama sita vya manyoya, kama sungura ndogo ya masikio mafupi, bila mukia, bila kazi, kulia tu wii-wii wakisikia sauti ya Riziki. Binti yangu iko na miaka kumi na moja, na kila dende ameipa jina. Mukubwa ni Kapita. Majirani bote banafugaka dende kwa nyama. Kwetu, muntu akizigusa ni vita.

Ziwa limefungwa kwa uvuvi, hakuna samaki ndagala ya kuanika. Papa Riziki, bwana yangu, iko Lulimba, anachimba dhahabu. Shimo limetoa mawe tu.

Siku ya pili, 8/7

Mwenye nyumba amekuja. Alisema kwa heshima, lakini kodi hatujalipa: yenga, siku ya kanisa, isitukute humu. Tutahamia kwa shemeji, mukubwa wa bwana yangu. Mi na batoto batatu, chumba kimoja. Ametukaribisha vizuri, sina neno. Kisha akasema mbele ya Riziki: "Na zile dende mulete. Kwangu hakuna nafasi ya kufuga. Sufuria ndiyo iko na nafasi."

Alicheka. Riziki hakulia. Mutoto huyu asipolia naogopa.

Siku ya tatu, 9/7

Ajabu. Riziki anapita nyumba kwa nyumba. Anasalimia kwa adabu, kisha anauliza: munakulaka dende? Batu banajibu ukweli. Mwalimu wake anakula, na pilipili. Mama wa korali anakula. Pastere anakula, akaongeza kwamba hata Petro aliambiwa achinje ale. Jirani yetu Musilamu alifikiri sana. Yeye hapana, alisema, lakini kwa batoto bake hawezi kuahidi.

Nilicheka mpaka nikaona aibu. Nilimwambia akubali, nyama ni nyama. Hakubishana. Alivaa sandali zake, akaenda nyumba inayofuata.

Siku ya nne, 10/7

Amepata! Ni Mama Rebeka, yule muke wa milimani anayeuzaka maziwa sokoni. Riziki alimuuliza kama alivyouliza bengine. Mama akakunja uso: sisi ni batu ba ng'ombe, mutoto, panya kama hiyo haiingiake mudomo yetu. Riziki akarudi mbio. Dende zake zimetukanwa na yeye anang'aa kwa furaha.

Shemeji amekasirika. Damu imemwangika kati yetu na batu ba milimani, anasema, na leo munabapelekea zawadi? Hakusema uongo. Mi pia niko na marehemu wangu. Na naogopa midomo ya majirani. Nikamwambia Riziki tutafute mwingine.

Akanitazama. "Mama, mwingine ni nani?"

Nikasema basi, tutamupelekea posho, siku mbele ya yenga. Mutoto iko na akili na mayele kunipita, na moyo pia.

Posho, 12/7

Kitunga, majani makavu, dende sita. Riziki alimwelezea Mama Rebeka yote: majani ya viazi ndiyo, majani yenye umande hapana, Kapita haogope mbwa lakini anaogopa kuku. Yule mama aliacha wateja wake bangoje, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema tu: "Nitazichunga."

Aliondoka na kitunga kichwani. Riziki alisimama mpaka yule mama hakuonekana tena.

Yenga, 13/7

Tumehama. Shemeji ametuachia kitanda chake, yeye na muke wake balilala kwenye mukeka. Si muntu mubaya. Riziki amekula ugali wake wote. Chini ya kitanda, kimya. Sikujua nitachukia kimya hicho.

Posho, 26/7

Sokoni Mama Rebeka alituita pale kwenye bidoni zake za maziwa. Alikuwa na kitunga. Ndani, Kapita, amenenepa. Alimubeba njia yote ile ya mulima ili asalimie.

Riziki alisema neno moja tu, Kapita akaanza wii-wii. Akamutoa, akamupapasa tumbo, akaangalia masikio na makucha. Nilijua ataniomba turudi naye. Nilitafuta tayari maneno ya kumukatalia.

Hakuomba. Alimurudisha kwenye kitunga kwa mikono yake mwenyewe, akafunika. "Iko muzuri," alisema, akamushukuru Mama Rebeka kwa mikono mbili.

Mi ndiye nililia, mbele ya bamama ba kuuza muhogo. Mama Rebeka alifungua bidoni. Alinimiminia kikombe cha maziwa. Batu balituangalia. Nilikunywa yote.