Kikombe cha Pili

Hiroshima, 10 Julai 1985

Mdogo wangu Kinue,

Nakusalimu wewe, shemeji na wanao huko São Paulo. Baridi ya huko inawatendaje? Hapa joto limeanza. Mimi sijambo, ukiacha goti na ulimi: goti limekataa ngazi, na ulimi umekataa kunyamaza. Huo ulimi ndio umenigombanisha na watu.

Unajua kwamba huwasimulia wanafunzi habari za bomu. Kwa miaka tisa nimesimulia yale yale: mwanga, nyumba kuanguka, na watu walioungua wakipita wanaomba maji. Huwaambia nilikuwa na birika limejaa, lakini askari walipita wakitangaza kwamba aliyeungua akinywa maji atakufa, nasi tukatii. Hapo watoto hulia. Mwezi uliopita binti mmoja mwenye miwani hakulia. Aliniuliza kama kweli sikumpa hata mtu mmoja. Nikajifanya sikusikia.

Swali lile nikarudi nalo nyumbani. Juma lililofuata nikasimulia yote. Haikuchukua siku mbili, mwenyekiti wa chama chetu cha wasimulizi, Bwana Nishioka, akanijia na mfuko wa pichi na maneno matamu. Alisema hanikatalii kwamba ni kweli, ila wapo wanaongoja tuteleze ili waseme tulistahili bomu.

"Bi Fumiyo, watoto wanakuja kusikia habari za bomu," akasema. "Huyo Mkorea wako mwache nyumbani."

"Amekaa nyumbani miaka arobaini," nikamjibu. "Sasa anatoka."

Alitaka nitie sahihi karatasi kwamba nitafuata simulizi iliyopangwa. Nikamrudishia kalamu yake, na pichi zake pia. Wakinifukuza, nitasimama kituo cha tramu nisimulie hapo.

Sasa nije kwako, kabla hujayasikia kwa wengine. Kila mwaka unamfukizia Baba ubani na kumshukuru kwa kukutoa chini ya boriti. Kinue, Baba hakurudi siku ile. Alikuwa amekwenda kazini ng'ambo ya mto, na hatukuona tena hata kifungo cha shati lake. Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa na miaka minne na huna mzazi, kisha uongo ukaota mizizi.

Aliyekutoa ni Mkorea aliyeletwa kwa nguvu kufanya kazi katika ghala la nyuma ya nyumba yetu. Tulimwita Kaneda kwa kuwa jina lake la kwao lilikatazwa. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imechunika, na kwa mikono hiyo aliinua boriti. Alikulaza mapajani pangu, akaketi, akaomba maji. Nikamwambia ni marufuku, atakufa. Akaitikia kwa kichwa. Punde akaja jirani yetu Bi Tamura, naye ameungua vilevile, na yeye nikammiminia kikombe. Mkorea akanitazama. Kufikia adhuhuri wote wawili walikuwa wamekufa, aliyekunywa na asiyekunywa.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, lakini usinitetee kwa hilo. Nilijua ninalofanya. Wala asije mtu kuniambia kosa langu linalihalalisha bomu. Waliolidondosha wana lao la kujibu, na siwapunguzii hata chembe. Hili la birika ni langu, na sitalificha chini ya lao.

Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini kila tarehe sita Agosti naweka vikombe viwili vya maji mbele ya picha ya Baba. Nikakuambia Baba alikufa na kiu kubwa. Ukacheka, ukaongeza cha tatu.

Ukitaka kukasirika, kasirika. Utabaki mdogo wangu. Ubani wa Baba usiukatishe. Ila mwaka huu jaza kikombe cha pili, cha yule mtu, kwa mkono wako, maana wa kwangu ulimnyima. Jina lake la kwao la kumwitia sina, sikuwahi kumuuliza.

Nisalimie shemeji, na wanao uwaambie Mama Mkubwa wao bado ni mkaidi. Birika lile ninalo mpaka leo. Tarehe sita nitakwenda nalo kwa watoto, limejaa.

Ni mimi dada yako,
Fumiyo