Masanja Anakuja Huku Anaaga

Jumanne

...na bado wananiita kocha. Vijana wangu watano wa mpira wa kikapu wamehamia vyuo vya Mwanza na Dar. Nimebaki na wanne, na mkuu wa chuo amesema tusipofikisha wachezaji watano mwezi huu, kikapu kinafutwa.

Leo amekuja Masanja kutoka chuo cha Urambo, mrefu kama mlingoti.

"Shikamoo kocha. Nahamia kwako, ila mwakani uniruhusu niende Dar."

"Marahaba. Hujafunga hata kikapu kimoja, unaniaga?"

"Bora nikuage mapema, kocha. Wale waliokukimbia hawakuaga."

Kwetu Sikonge mzinga wa nyuki una alama ya mwenyewe, wa jirani hauguswi. Mimi natundika mzinga, Dar wanarina asali.

Nikimkatalia, timu inakufa. Nikimkubalia...

Nimemkubalia. Kesho naanza kumfundisha mtu aliyekwisha kuondoka.