Kona Tuliyoiacha Bila Kukanyaga

Rukaramu, nje kidogo ya Bujumbura

Dada Nura mpendwa,

Asalaam aleikum. Anayekuandikia ni mdogo wako Moosa, mwenye miguu ambayo katapila zote za Bujumbura zinaionea wivu, bingwa wa kuvundika mahindi kutoka mto Rusizi mpaka huko juu Kiriri kwa wakubwa, hata kama walimu waliona sifai kupita darasa la nane. Natumaini hapo Uvira mko wazima, na shemeji bado ananenepa kwa chapati zako. Suud mdogo ameota meno mangapi? Sisi huku tuko wazima wa mwili. Mama anakusalimu sana. Goti lake linamsumbua kila asubuhi. Mdomo wake hausumbuki saa yoyote.

Umeniuliza kwa simu habari za ndama wako, nami nikasema mutandao mbaya. Mutandao ulikuwa mzuri, dada. Ndiyo maana naandika. Lakini niache kwanza nikueleze kazi tuliyoifanya, maana hutaamini.

Unakumbuka Baba aliacha neno kwamba ndama wa kwanza wa ng'ombe wetu Gaju ni wako, ili mwanao akue na ng'ombe wa kwao. Gaju aliposhika mimba, Mama aliapa kwamba kiangazi hiki hatamlisha majani makavu. Tukapanda mahindi kule chini karibu na mfereji, si ya kula sisi, bali ya kukata mabichi na kuvundika shimoni. Siku ambayo punje zilikuwa ukizibonyeza kwa kucha zinatoa uji kidogo, Mama akasema ni leo. Mashine ya kukatakata ya jirani yetu Léonce ilikuwepo, lakini esansi ya kuiwasha apana. Unazijua foleni za mjini: mutu analala amekumbatia jerikani kama bibi yake.

Mi nikasema, esansi ya nini na Moosa yuko? Nikaita vijana. Rafiki yangu Uthmani akaja na bafle yake ya muziki, Khadidja wa Buyenzi akaja na wenzake. Tulikata kwa panga kutwa (nilikata kuliko wote, wakikuambia vingine ni wivu), kisha tukaanza kukanyaga. Unaijua kazi hiyo: unamwaga mahindi shimoni, unakanyaga mpaka kisigino hakizami tena, maana hewa ikibaki ndani chakula kinaoza. Nikaamua tukanyage kwa kucheza. Dada, ilikuwa harusi iliyokosa bibi harusi tu! Uthmani alinitania kwamba nacheza kama mbuzi aliyenyeshewa. Nikamjibu kwamba mbuzi huyo ndiye anayetazamwa na Khadidja. Na kweli alikuwa anatazama. Basi wote tukajazana katikati, karibu na bafle. Mama alisimama ukingoni mwa shimo na goti lake, akipiga kelele twende na kwenye kona, kwenye kona we Moosa! Nikamwambia hii kazi ya vijana, yeye akae kivulini. Tukafunika kwa plastiki nzito niliyonunua mjini, mtaa wa Asiatique, tukaweka udongo na matairi ya zamani juu yake.

Mwezi wa saba tukafungua. Niliwaita watu waje kuona. Katikati ilikuwa safi kabisa, rangi ya manjano yenye ukijani, harufu tamu yenye uchachu kama urwarwa, ile pombe ya ndizi ya jirani (usiulize najuaje). Mama alinipiga begani, akasema Baba angefurahi. Sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko hiyo.

Kesho yake, nikiwa peke yangu, nikafika kwenye kona. Mahindi yalikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, yameota ukungu mweupe kama pamba, yananuka mkeka uliosahauliwa kwenye mvua. Ilifaa niyatupe. Lakini kuyatupa ni kupita nayo mbele ya Mama, toroli baada ya toroli, na Uthmani angenitungia wimbo wa kuimbwa mpaka Buyenzi. Nikatoa ule weupe wa juu. Yaliyobaki nikayachanganya na pumba na chumvi.

Gaju alinusa, akageuza kichwa. Nikamlisha kwa mkono, nikamsemesha vile nilivyozoea kumsemesha toka alipokuwa mdogo. Akala, dada. Alikula kwa sababu ni mi. Na siku zilizofuata pia.

Ijumaa asubuhi nilimkuta ndama chini, kabla ya muda wake. Jike. Alikuwa na doa jeupe usoni, lile ulilokuwa unaliomba. Hakupumua hata mara moja. Mama alimfunika kwa kitenge chake kizuri, tukamzika ng'ambo ya mfereji. Veterineri alipokuja kumpima Gaju na kuuliza alikula nini, nilimpeleka kuona mahindi ya katikati. Akayanusa, akasema ni mazuri sana, akanipa mkono wa pongezi. Nikaupokea.

Mama anasema ni kadari ya Mungu. Kila akimaliza kusali anashukuru hata kwa hilo, nami nakaa pembeni yake naitikia amina. Toka Ijumaa sijaweza kumtania mutu, hata Uthmani ameniuliza kama nina malaria.

Ile kengele ya ndama uliyosema utanunua sokoni, usinunue. Kama umeshanunua, iache huko huko. Msalimie shemeji, mshike Suud mashavu yote mawili kwa niaba yangu. Gaju yuko hai na anakula, ila sasa nikimpa kitu ananusa mkono wangu kwanza, muda mrefu. Leo Mama akitoka kusali nitamwambia, kabla hujampigia wewe. Mahindi hayakukosa, wala Gaju, wala Mungu. Ndama wako nimemuua mi, kwa kuogopa kuchekwa.

Ni mi mdogo wako,
Moosa