Neno Lililomshusha Baba Garini

Chemchem,
Tabora.
14 Juni, 1957

Mpendwa mdogo wangu Anselm,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Je, wewe na wifi Josepha mu wazima? Joto la Dar es Salaam linawaacha mlale? Sisi huku tunaamka na kulala salama, isipokuwa Baba, na yeye ndiye aliyenishikisha kalamu.

Nimekasirika, Anselm. Nakuambia mapema usije ukadhani ni mwandiko tu ulioharibika.

Ulipokuja likizo ya Pasaka ulimketisha Baba uani, ukamweleza habari za kile kijiwe kilichonasa kwenye mrija wa mkojo, chini ya figo. Ukasema hospitali ya hapa wanajua kumpasua mtu ubavu tu, na kwa kifua chake kile huenda asiamke. Huko kwenu daktari hupitia njia ya mkojo bila kisu. Mpaka hapo nilijivuna kuwa na ndugu dresa, msaidizi wa daktari. Kisha ukaanza kulinganisha vifaa kama mtu anayechagua jembe dukani. Cha kwanza kikapu kidogo cha nyuzi za chuma, hufunguka kikalidaka jiwe, lakini chaweza kukwaruza mrija. Cha pili kitanzi, hulizunguka jiwe kikaachwa humo siku kadhaa mpaka viteremke pamoja. Ukakisifu hicho cha pili. Kitanzi, kitanzi, hukuchoka.

Nani kakuloga ulimi? Umelelewa nyumba hii. Unajua Babu Masolwa alikufaje mtini zama za Mjerumani. Unajua kwa nini hata cha kunasia kware humu tunakiita kamba tu, na kwa nini marehemu Mama alikuchapa siku ulipolitaja neno lile mbele ya Baba. Shule imekupa majina ya vifaa vyote, na hilo moja ukalisahau.

Baba alikusikiliza mpaka mwisho, alikuheshimu. Jumatatu hii iliyopita nikampeleka stesheni, akapanda, akaketi vizuri. Mabruki, yule fundi cherehani jirani yetu, akapita dirishani akamwuliza safari ya wapi. Baba akamjibu kwa sauti yake ya kila siku, "Nakwenda kwa Anselm, akanitie kitanzi."

Abiria wakageuka kumtazama. Mabruki akatazama chini. Hapo Baba naye akayasikia maneno yake mwenyewe, akatafuta fimbo yake.

"Apolinaria, nishushe," akasema.

Nikamshusha. Gari likaondoka na karanga zako. Kama zilikufikia, usinishukuru.

Tangu siku hiyo anajikunja kwa maumivu na hataki kuguswa. Daktari wa hapa anasema figo limeanza kuvimba, na likiharibika litamwondoa. Nimemweleza Baba kwamba kifaa chako hakishiki shingo. Unadhani alinisikia? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Jana akaniuliza kile kingine kiliitwaje. Nikamwambia kikapu. Akafikiri kidogo.

"Kikapu hakijaua mtu wetu," akasema.

Basi Alhamisi ijayo tunapanda tena, na nimemwahidi kikapu. Mwulize daktari wako kama kitamfaa, wala usimfiche sababu. Akisema hakifai, uje stesheni kutupokea ukiwa umekwisha kutafuta neno jingine la kile cha kwako, umweleze Baba mwenyewe, ukimtazama usoni. Usipolipata nitamrudisha Tabora kwa gari lile lile, nawe utamzika kwa barua.

Nisalimie wifi, na mwanao Anton umbusu. Shangazi Marcelina anakusalimu. Naye kakasirika, ila hajui kuandika, shukuru kwa hilo.

Mungu akulinde, na akutie neno jema kinywani kabla ya Alhamisi.

Dada yako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Apolinaria